Jalada Lipo kwa Nani?

Nilianza kazi ya ukarani wa masjala mwishoni mwa miaka ya 1990, katika halmashauri moja ya wilaya. Masjala ya wazi ilikuwa na kidirisha cha kupokelea barua. Masjala ya siri ilikuwa chumba cha ndani chenye kabati la chuma, na ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja tu. Kila barua ilipigwa muhuri wa tarehe, ikapewa namba ya folio, ikafungwa kwenye jalada lake. Jalada likitoka, tuliandika kwenye kadi limechukuliwa na nani na siku gani. Afisa akija juu kwamba jalada limepotea, mama aliyekuwa mkuu wetu alimjibu taratibu, "Mwanangu, jalada halipotei. Lipo mezani kwa mtu." Kisha alichambua kadi zake na kumtaja huyo mtu.

Kompyuta zilipoingia, kwanza idara ya fedha na baadaye kwingine, hakuna aliyefikiria habari ya kadi. Fikra zote zilikuwa kwenye nafasi. Disketi moja ilibeba megabaiti 1.44, jedwali la bajeti lilienea, barua iliyoskaniwa kwa rangi mara nyingi haikuenea. Disketi zilishindwa na vumbi la wilaya yetu na joto la madirisha ya bati. Zilipokuja flashi tulishukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini tangu hapo kila afisa alitembea na masjala yake mfukoni. Ripoti ya madawati ya shule za msingi ilikuwa na sura moja kwa ofisa elimu, nyingine kwa mchumi, ya tatu kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, na zote tatu zilikuwa na jina lilelile.

Kwa jambo la majina dawa ilikuwa rahisi, ingawa ilichukua muda mrefu kukubalika: jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu, mfano 2009-03-14, halafu idara na mada. Kompyuta ikiyapanga kwa herufi na namba, yanajipanga yenyewe kwa wakati. Nayo majina yawe mafupi. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja na jina refu kama kichwa cha semina, hufika mahali Windows ikakataa kulifungua au kulinakili faili, kwa sababu kwa kawaida njia nzima ya kulifikia, kuanzia herufi ya diski, haitakiwi kuzidi herufi 260 hivi. Mtu huona ujumbe wa kosa akadhani faili limeoza, kumbe likisogezwa juu ngazi mbili linafunguka.

Kilichoniuma zaidi miaka ile ni virusi vya flashi. Ukiichomeka, folda zako zote zilionekana kama njia za mkato, kila moja kilobaiti chache, na ukibofya hupati kitu zaidi ya kuvisambaza. Watu waliamini kazi yao imeteketea. Ofisa mmoja alikwisha kuifomati flashi yenye takwimu za shule za kata nzima kabla fundi hajafika. Takwimu zile zilikuwa zimefichwa tu. Fundi wetu, kijana aliyejifunza mengi peke yake, alisafisha kwanza kompyuta, akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika attrib -h -r -s /s /d na jina la diski, na folda zikarudi mbele ya macho. Niliinakili amri ile nikaibandika ukutani, na kwa miaka kadhaa iliokoa kazi za watu kuliko mafunzo yote tuliyoletewa.

Jambo la namna hiyohiyo ni flashi kukataa faili la video ya ziara huku ikiwa na nafasi tele. Flashi nyingi zilikuja zimefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata flashi yenyewe iwe kubwa kiasi gani. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, urudishe.

Tulipofungiwa seva na folda ya pamoja, niliona masjala imerudi. Haikurudi yote. Umeme ulikatika mtu akiwa na hati ya Word, na ukirudi hati ilidai bado inatumiwa na mwenzake, hata kama mwenzake ameshakwenda nyumbani. Word huacha faili dogo lililofichwa, jina lake huanza na ~$, kama alama kwamba hati imeshikwa. Umeme ukikatika alama hiyo hubaki. Hakikisha kweli hakuna anayeitumia, ifute alama, hati hufunguka. Kubwa zaidi ni ruhusa. Faili ukilinakili kwenda folda nyingine hupata ruhusa za folda hiyo mpya. Ukilihamisha ndani ya diski ileile, kwa kawaida hubaki na ruhusa zake za zamani. Ndiyo maana ofisa hulihamisha faili kwa nia njema na wenzake wote wakakataliwa kulisoma. Na kilichofutwa kwenye folda ya pamoja kupitia mtandao hakiingii kwenye pipa la taka la kompyuta yako. Kama seva haikupangiwa kutunza matoleo ya awali, wala hakuna nakala mahali pengine, kimekwenda.

Baada ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilianza kusogea hadi mikoani, na mafaili yakaenda mtandaoni. Hapo nimeona shida ya uchungu kuliko zote, kwa sababu haina amri ya kuibandika ukutani. Faili huwa mali ya akaunti ya mtu. Mtu akihamishwa au akistaafu, akaunti hufungwa, na kazi ya miaka inaweza kwenda nayo. Ndiyo sababu nilipigania, hadi ikaandikwa, kwamba hati ya makabidhiano itaje folda na akaunti kama inavyotaja gari na funguo, na kwamba mafaili ya kazi yakae kwenye akaunti ya ofisi.

Sasa tunasoma disketi za zamani kwa kifaa kinachochomekwa kwenye USB, moja baada ya nyingine. Nyingine hazisomeki tena. Tumeanza na za idara ya ardhi, maana ndani yake mna orodha za viwanja ambavyo familia bado zinavidai mabarazani, na baadhi ya orodha hizo hazikuwahi kuchapishwa kwenye karatasi.