Kompyuta ya binti yangu ilipogoma

Kitu kikiharibika kwenye nyumba yenye watoto, swali la kwanza huwa "nani alikigusa mwisho?" Kwetu swali hilo halikuwa na kazi. Kompyuta iliyogoma aliijenga binti yangu mwenyewe, wakati anasubiri matokeo ya Kidato cha Nne. Kesi tulinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, diski ilitoka kwenye laptop ya baba yake iliyokufa, mazabodi na RAM mjomba wake alizituma kwa basi kutoka Mwanza. Hakuna aliyekuwa akiigusa bila ruhusa yake.

Jumatano jioni umeme ulikatika na kurudi mara mbili ndani ya nusu saa. Alipobonyeza swichi, feni zilizunguka, taa ndogo ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Cheusi.

Mzazi mwenzangu, mimi ni katibu wa kikoba cha wanawake 27, na Jumamosi ile tulikuwa tunavunja. Hisa, mikopo, marejesho na riba za mwaka mzima zilikuwa humo ndani. Daftari lipo, sawa, lakini kukokotoa yote upya kwa mkono kwa siku mbili ni kazi ya kukesha. Aliyewahi kuwa katibu anajua wanawake 27 wanavyokutazama ukisema hesabu hazijakamilika.

Tuliita fundi wa mtaani. Alisikiliza feni, akashika kiuno, akasema mazabodi imeungua, tutafute 180,000. Hakufungua hata skrubu moja. Akaongeza, "Ndiyo shida ya kuungaunga vitu." Binti yangu alikwenda chumbani, akarudi na kibubu chake. Kilichomuuma ni lile neno la kuungaunga. Pesa ilikuwa jambo dogo.

Nilimwambia kibubu akirudishe, tumpigie kwanza mjomba wake.

"Feni zinazunguka?" mjomba aliuliza. "Basi umeme unaingia. Bado hujafiwa, mjomba wangu. Usinunue kitu."

Kazi ilianza saa mbili usiku, simu ikiwa mezani kwenye spika. Mimi nilishika tochi na kuhakikisha mdogo wake hasogei. Skrubu zote tuliweka kwenye kikombe cha kahawa. Mjomba alitoa onyo moja ambalo nalipeleka kwa kila mzazi mwenye mtoto mdadisi: vyote vinafunguliwa ukishachomoa waya ukutani, isipokuwa kile kisanduku cha umeme. Ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa, na unaweza kuua.

Walianza na vya bure. Je, kioo chenyewe ni kizima? Binti alichomoa waya wa king'amuzi sebuleni, akauchomeka kwenye kioo cha kompyuta, tukaona taarifa ya habari. Kioo kizima. Akajaribu na waya wa kompyuta, taarifa ya habari ikaendelea. Waya mzima. Baba yake akalalamika kwamba mpira unakaribia kuanza.

Kisha wakachomoa kila kisichohitajika ili mashine iamke, na diski ikiwemo. Hapo ndipo nilipopumua. Mjomba alinieleza kwamba hesabu zangu zimekaa kwenye diski, na mashine kutowaka hakuzifuti. Hata mazabodi ingekuwa imekufa kweli, diski ile ingesomwa kwenye kompyuta nyingine. Sijui kwa nini mafundi hawaanzi na sentensi hiyo. Mteja akishajua vitu vyake viko salama, haraka ya kutoa pesa inapungua. Pengine ndiyo sababu.

Waliondoa pia ile betri ya duara, inayofanana na sarafu, iliyoandikwa CR2032, ili mazabodi isahau mipangilio yake ya zamani. Wakairudisha baada ya dakika chache. Bado giza.

"Sasa toa RAM zote mbili," mjomba akasema, "halafu uwashe."

Binti alinitazama. Kuiwasha mashine bila kumbukumbu? Mjomba akafafanua: mazabodi na prosesa zikiwa hai, zitalalamika kwa mlio. Kulikuwa na kispika kidogo chenye nyaya mbili ambacho hakuwahi kukifunga kwa sababu aliona hakina maana. Akakichomeka, akabonyeza swichi.

Ikalia. Piii, piii, piii, bila kunyamaza.

Sijawahi kuona mtu akifurahia kelele mbaya kiasi kile. Mazabodi iliyoungua hailalamiki. Ile 180,000 ilikuwa imetupita karibu sana.

Kilichobaki kilikuwa uvumilivu. Alisugua meno ya dhahabu ya kila RAM kwa kifutio cha penseli, taratibu, kwa sababu hewa yetu ya pwani hula chuma. Ya kwanza akaiweka peke yake: piii, piii. Ya pili: mlio mmoja mfupi, na kioo kikajaa maandishi. Nikataka kushangilia, akanizuia. "Subiri Mama, inaweza kuwa ni tundu." Akairudisha ile ya kwanza kwenye tundu lilelile lililofanya kazi. Ikapiga kelele tena. Basi, ni RAM, si tundu. Swali hilo la tundu mjomba hakumwambia aulize.

Saa tano kasoro diski ilirudishwa na faili langu likafunguka, ila jedwali la mikopo lilisema kila mmoja anadaiwa siku hasi elfu nne na ushee. Nilishtuka. Ilikuwa ile betri: ilipotolewa, saa ya mashine ilirudi mwaka 2011, na jedwali langu huhesabu siku kutoka tarehe ya leo. Tukarekebisha tarehe, madeni yakarudi kwa wenyewe.

Jumamosi tulivunja kikoba saa nne asubuhi.

Mashine sasa inatumia GB 4 badala ya 8, na inajikokota ukifungua vitu vingi. RAM nyingine ataifuata Kariakoo mwisho wa mwezi, na ile mbovu ataibeba mfukoni ili walinganishe, maana yake ni DDR3 na ya DDR4 haiingii kwenye tundu lake.