Kofia ya Abiria

Hapa Rwezamenyo kila motari hubeba kofia ngumu mbili, yake na ya abiria. Zamani niliangalia usafi tu. Siku moja ile ya abiria ilimponyoka motari, ikapasuka kama kikombe. Tangu hapo huikagua kwanza. Ganda la plastiki lililopauka kwa jua la miaka mingi huwa limekauka, huvunjika upesi. Ndani, povu gumu likishabonyea halirudi tena. Pigo la pili litafika kichwani. Mwisho nauvuta mkanda.

Juzi nilikataa kupanda. Motari akacheka: "Dada, si hapo Nyabugogo tu?" Nikamwambia, "Kaka, na Nyabugogo kuna lami." Nikasubiri mwingine, nikachelewa kipindi cha kwanza.