Barua za Waume

Nilipopangiwa kazi ya Bibi Maendeleo mkoani Mbeya mwaka 1991, mwanamke aliyetaka vidonge vya majira alitakiwa, katika zahanati nyingi nilizopitia, alete kwanza barua ya mumewe. Haikuwa fomu ya serikali. Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, ikakunjwa mara nne, ikisema kwamba mimi fulani, mume halali wa fulani, sina pingamizi.

Kwenye zahanati moja ya bonde la Usangu, chini ya Chimala, nesi alinifungulia droo ya meza nizione. Waume tele, mwandiko mmoja, na wote wameandika "pigamizi". Mwandishi wao alikuwa binti wa darasa la saba, ujira wake kikombe cha mchele. "Mimi nimeambiwa nipokee barua," nesi akasema, akiisukuma droo kwa goti. "Kukagua mwandiko si kazi yangu."

Siku hizi nikiwasikia vijana wakisimulia miaka ile, huwa wanadhani kulikuwa na sheria ya kumdai mwanamke barua. Haikuwapo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu mke kumiliki mali yake, ikasema wazi katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, na habari za ruhusa ya vidonge haikuzigusa. UMATI, chama cha uzazi wa mpango, kilikuwapo tangu 1959. Serikali yenyewe ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1989, na sera ya idadi ya watu ikafuata 1992. Barua zilitokana na woga tu. Nesi wa kijijini alikuwa akiishi kwenye nyumba ya zahanati, hatua chache kutoka kwenye meza yake ya kazi. Mume aliyegundua vidonge chini ya godoro alikuwa akimgongea yeye usiku, hakuwa akienda wizarani. Ile karatasi ilikuwa ngao ya nesi, na bei yake alilipa mwanamke.

Hiyo sheria ya 1971 nayo ilikuwa na lake. Iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 baba akiridhia. Kwa hiyo ungeweza kumkuta mke wa mtu mwenye umri huo, mtoto mgongoni, akirudishwa nyumbani na nesi kwa sababu bado ni mdogo, na isitoshe ana mtoto mmoja tu. Kuolewa alikuwa ametosha, kumeza kidonge bado.

Mwaka 1994 ulitoka mwongozo wa taifa. Ulisema kila mwanamume na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, ana haki ya kupata elimu na huduma ya uzazi wa mpango, bila kujali idadi ya watoto wala kama ameoa au kuolewa. Tuliujadili kwenye semina ya mkoa, baridi ya Mbeya ikitufanya tukumbatie vikombe vya chai. Mganga mmoja mtu mzima, ambaye wengi wetu tulimwita baba, alisimama akasema ndoa zitavunjika, na zikivunjika tutalea sisi. Ukumbi ukamwitikia. Ndipo mkunga mmoja akaomba nafasi. Hakwenda mbele, alisemea palepale alipokaa.

"Baba, shikamoo. Mama akifika anatoka damu na inabidi apasuliwe, tunamtafuta mumewe atie sahihi. Tunaambiwa yuko Tunduma na mizigo. Tunasubiri. Wewe mwenyewe umewahi kusubiri pamoja nasi. Sasa na kwenye kidonge tusubiri?"

Mzee akaitikia marahaba, akakaa. Hakuna azimio lililopitishwa siku ile. Watu walisaini posho wakaondoka (semina zetu zilikuwa hivyo, tusidanganyane). Lakini miezi iliyofuata nilisikia maneno ya yule mkunga yakirudiwa Igurusi, Igawa, hadi Makambako, na kila anayeyasimulia akidai alikuwapo ukumbini.

Kitu kingine kilichosaidia hakikutoka mkoani. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye vimada njia nzima, alikuwa kama ametolewa kwenye barabara yetu ya Zambia. Madereva walikuwa wakimsikiliza kwenye vibanda vya chipsi, wanacheka, halafu wananyamaza. Mwanamume mhuni akawa anaitwa Mkwaju mbele za watu. Ukimwi ulikuwa umeshaingia kwenye nyumba nyingi za kando ya barabara ile, na mke wa Mkwaju, Tunu, aliyefikia kumwacha mumewe, alizungumziwa visimani kuliko mbunge yeyote. Semina yetu isingefika huko.

Nilihamishiwa Iringa mwaka 1996. Mwongozo ulikuwa na miaka miwili. Utafiti wa vituo vya afya nchini uliofanyika mwaka huohuo ulikuta wahudumu wengi wakiendelea na masharti yao: umri, idadi ya watoto, idhini ya mume. Hata hivyo wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa wamefikia kama asilimia 13 nchini, kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni wazi wengi walikuwa wanapata pa kupenyea.

Iringa tulikuwa na bahati ya kukuta siku za afya za kijiji, zilizoanzishwa na mradi wa lishe wa UNICEF na WHO katika miaka ya 1980. Wanaume walikwishazoea kuwaona watoto wao wakitundikwa kwenye mizani mbele ya kijiji, na mbele yao hapohapo tukaweza kuzungumza habari za mama. Upande wa Mufindi, tulipomaliza kueleza kwamba barua haitakiwi tena, mzee mmoja alinyanyuka, kofia mkononi.

"Kamwene, Bibi Maendeleo. Mimi nilikubali. Mke wangu alipoleta habari nilimwambia nenda. Akarudi, anasema wanataka barua. Mimi sijui kuandika, na kumwendea mwalimu aniandikie mambo ya chumbani kwangu niliona aibu. Tumeongeza watoto wawili. Hiyo barua mlikuwa mnamwombea nani?"

Nesi wa pale aliinamia daftari lake. Mwenyekiti wa kijiji akataka kumkalisha mzee, wanawake wakapiga kelele aachwe aseme.

Umri wa kuolewa wa miaka 15 umekuwa mgumu zaidi kung'oka. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliupinga Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali Oktoba 2019. Wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito nao walisubiri hadi Novemba 2021 kuruhusiwa kurudi.

Mpwa wangu ni nesi Mafinga. Barua hazijui, nilipomsimulia alidhani namtania. Ila anasema kuna wanawake ambao kadi zao za uzazi wa mpango hazitoki kituoni, zinakaa kwake kabatini, na waume wakija kuuliza huwajibu wakawaulize wake zao.