Mama Mzee wa Gety na Ukoo Wake

Hapa kwetu Gety yuko mama mzee ambaye wengi mwamfahamu, ingawa jina lake hatuliandiki, maana hapendi. Alizaliwa zamani za Wabelgiji, na alipobatizwa Bunia haikuwa bado dayosisi. Iliinuliwa mwaka 1959. Sisi walimu wa dini twamwendea mara kwa mara. Wachumba wakija kuandikisha ndoa, hatuna budi kuchunguza kama si ndugu, na daftari hupotea vitani. Yeye hahitaji daftari. Huhesabu ukoo hata babu wa tano, huku akimenya mihogo.

Watu wa mbali hudhani Wangiti na Wahema waliumbwa maadui. Mama huwacheka. Nyumbani kwa baba yake maharage yalikwenda kwa wafugaji, maziwa yakarudi. Mdogo wake aliolewa na Mhema wa upande wa Bogoro, mahari ikaja kwa ng'ombe, ngoma ikachezwa hata asubuhi.

Bogoro ndicho kijiji tukipitacho twendapo Bunia. Tarehe 24 Februari 2003 kilishambuliwa, na katika washambuliaji walikuwamo vijana wa kwetu. Watu wengi waliuawa. Mwaka 2014 Germain Katanga alihukumiwa huko The Hague kifungo cha miaka 12. Lakini hukumu ile haikumrudisha mdogo wake mama huyu. Kisha mwaka 2006 jeshi na wanamgambo walipopigana, yeye mwenyewe alilala chini ya turubai hapa Gety, pamoja na wakimbizi makumi elfu.

Tarehe 28 Februari 2020 serikali na FRPI walitia sahihi mapatano ya amani papa hapa Gety. Bunduki hazikunyamaza zote. Wanawe walio Bunia wamwita akae nao. Amekataa, na sababu twaijua. Liko shamba dogo ambalo baba yake alimwachia yule mdogo wake. Kila msimu mama hulilima, asije mtu akalihesabu lake.

Mwaka jana alikuja kijana wa marehemu, akaomba alime shamba la mama yake. Wazee wa ukoo walikataa: mtoto ni wa baba yake, nao hawataki Mhema kati yao. Sisi tulikuwapo, na twasema wazi kwamba ilikuwa hofu zaidi ya desturi. Mama akasimama, akawaambia:

“Baba zangu, ng'ombe wa baba yake mliwala. Siku ile hamkuuliza kabila lao.”

Walikaa kimya kitambo kirefu. Mwishowe wakampa kijana msimu mmoja tu, watazame mwenendo wake. Alipanda maharage, nayo sasa yametoa maua. Huja asubuhi na kurudi kabla ya jua kushuka, maana njia haijawa salama. Saa za mapumziko mama humpeleka nyuma ya nyumba, penye makaburi, akamfundisha majina.