Utitiri wa Nyota

Miaka kadhaa iliyopita nilitunga shairi la tarbia ambamo nilisema kuwa anga la Narung'ombe lina utitiri wa nyota. Wenzangu walilisifu neno lile, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa nimeliokota magazetini, ambako husomwa utitiri wa kodi na utitiri wa tozo. Nililijua kwa maana ya wingi, basi. Kiangazi kilichopita nilikutana na utitiri wenyewe ana kwa ana.

Mama yangu, aishiye Narung'ombe, wilayani Ruangwa, alikuwa amebakiwa na kuku saba: jogoo mmoja, koo wanne na matembe wawili. Walilala jikoni juu ya kuni, kwa kuwa kicheche alikwisha wamaliza wenzao. Nikamnunulia banda kuukuu kwa mtu wa kijiji cha pili. Lilikuwa la mbao na mianzi, limeinuliwa juu ya nguzo nne, lina paa la bati. Muuzaji alisema limekaa bure tu. Tulilileta kwa mkokoteni, nami nikajiona nimefanya jambo. Mama hakulitazama banda, alinitazama mimi.

"Mwanangu, banda likiwa tupu, uliza kwanza waliokuwamo wamekwenda wapi."

Sikuwa nimeuliza. Niliporudi kuuliza, yule bwana aliinamisha macho, akasema, "Walikwenda na mdondo."

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauna tiba. Una chanjo tu. Virusi vyake hutoka na kinyesi cha kuku mgonjwa na huweza kubaki bandani baada ya kuku mwenyewe kuzikwa. Kuku saba wa mama ndio waliokuwa chumvi, sabuni na madaftari ya wajukuu. Lau ningewaingiza jioni ile, ningewaua kwa mkono wangu, tena kwa mapenzi.

Kamusi zinatuambia kwamba kizimba ni tundu la kufugia kuku, na pia ni pale asimamapo mshtakiwa mahakamani. Nilizielewa maana zote mbili kwa pamoja siku nilipojikunja ndani ya banda lile, kitambaa puani, mama amesimama nje akiniuliza kila baada ya muda, "Na kona ile?"

Aliamuru banda likae mbali na nyumba, chini ya mkorosho. Nilikwangua kinyesi kikavu kwa jembe, nikakifukia katika shimo refu. Kisha nikaanza kung'oa fito za kulalia. Chini ya ufito wa kwanza, pale ulipokutana na ubao, palikuwa na kitu kama majivu. Nilipokigusa, majivu yakatembea. Yalipanda vidoleni, yakafika kwenye kiwiko, na popote nilipoyaponda yaliacha doa jekundu.

Mama alicheka hadi akajishika kiuno. "Huo ndio utitiri, mwanangu."

Kisha alinieleza alivyoujua. Mchana hujificha katika nyufa; usiku hutoka kunyonya damu ya kuku aliyelala. Ukizidi, hata koo anayeatamia huyaacha mayai yake yakapoa. Tena una subira: banda likiwa tupu huweza kungoja kwa miezi, hata arudi mwenye damu.

Tulichoma fito na mianzi yote, tukabakiza mbao na bati. Nyufa tulizimiminia maji yanayochemka, tukasugua kwa sabuni, tukaliacha banda wazi juani siku nyingi, kisha tukalipaka chokaa ndani na nje. Wakati likikauka, kuku walichanjwa, tone moja jichoni kwa kila mmoja, na mama akahesabu miezi mitatu hadi chanjo ifuatayo. Zaidi ya mwezi ulipita kabla ya kuwaruhusu kuingia. Nilipolalamika kwamba ni muda mrefu, alinijibu kuwa waliokufa wamekwenda muda mrefu zaidi.

Jioni ya siku walipoingia, nilimsomea lile shairi langu. Alisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika kwenye utitiri wa nyota.

"Nyota zako," akauliza, "zinanyonya damu ya nani?"

Sikuwa na jibu. Niligundua kwamba wale wa magazetini niliodhani wamelichosha neno walikuwa wakilitumia kwa haki kuliko mimi: anayelalamikia utitiri wa tozo halalamikii idadi peke yake. Analalamikia kunyonywa kidogo kidogo, na vingi visivyoonekana, akiwa usingizini. Mimi nililichukua ganda, nikauacha mwiba.

Koo mmoja sasa anaatamia mayai tisa. Nami nimelifuta lile neno. Ubeti una pengo la mizani minne, na bado sijapata cha kuliziba.