Asiyenunua Akae Wapi?

Wasomaji na washairi wenzangu, mimi ni mtu wa milimani. Nilizaliwa Gwarama, wakati huo ikihesabiwa Kibondo, leo ikiwa wilayani Kakonko, na nilikulia katika Kiha kabla sijaingia katika Kiswahili kwa mlango wa darasa. Bahari niliijua kwanza kama msamiati: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Nilipotoka chuo cha ualimu niliyafundisha maneno hayo miaka mingi, mwalimu na wanafunzi sote tukiwa hatujapata kuonja maji ya chumvi. Basi msinishangae nikisema kwamba kosa ninalotaka kulisimulia leo linahusu mkahawa wa kando ya maji, na kwamba nililitenda kwa kalamu nyekundu.

Binti wa marehemu dada yangu anasomea usanifu majengo Dar es Salaam. Mwaka mmoja alipewa zoezi la kubuni mkahawa ufukweni, katika eneo la umma lenye gati ya boti, njia ya waenda kwa miguu, vyoo, na mfereji mkubwa unaoyatoa mjini maji ya mvua. Yeye akalichagua Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, alikozaliwa. Michoro ilipokamilika alitaka kuiandikia maelezo ya Kiswahili, ili wavuvi na wachuuzi watakaoonyeshwa wayaelewe. Akanitumia kwa simu. “Shikamoo mjomba. Naomba unisahihishie lugha tu, mengine usijisumbue.”

Niliyachapisha steshenari, nikaketi nayo barazani. Yalikuwa maelezo mazuri. Alieleza kwa nini sakafu ameinyanyua: bahari hujaa na kupwa kila siku, lakini ziwa halina desturi hiyo, likipanda, hupanda kwa miaka, na halirudi jioni kuomba radhi. Alieleza kwa nini jiko amelisogeza mbali na mfereji, na namna mafuta ya kukaangia yatakavyonaswa katika shimo lake kabla ya kufika majini wanakovuliwa dagaa. Niliyafurahia hayo kama mtu anayeona mti alioupanda umezaa.

Kisha nikafika kwenye sentensi hii: “Upande wa ziwa kutakuwa na kivuli, viti vya saruji na bomba la maji, kwa ajili ya watu wanaofika ziwani bila nia ya kununua kitu chochote.” Nikaona ni ndefu. Nikaona “bila nia ya kununua kitu chochote” ni maneno sita yanayozunguka jambo lisilokuwepo. Nikaikata, na juu yake nikaandika: “kwa ajili ya wateja.” Pembeni nikaongeza shauri nililowapa maelfu ya wanafunzi: Andika kwa muhtasari. Nikamrudishia.

Miezi michache baadaye nilialikwa harusi Unguja na mwanafunzi wangu wa zamani. Jioni ya siku ya pili nilikwenda Forodhani peke yangu. Jina hilo nilikuwa nimelifundisha. Forodha, tulilolipata kwa Waarabu, leo kwetu ni ushuru wa bidhaa na ofisi zake. Lakini asili yake ni mahali vyombo vinapofikia pwani. Mzigo ulishukia hapo, ukahesabiwa hapo, ukatozwa hapo. Wakati wa ukoloni pakaitwa Bustani ya Jubilii, na baada ya Mapinduzi ya 1964 Bustani ya Jamhuri. Watu waliyasikia majina yote mawili, wakaendelea kusema Forodhani.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa upya Julai 2009: ukuta wa bahari, taa, mifereji ya maji, majani, na mahali pa wauza vyakula. Ukiitazama kwa jicho la mpwa wangu, ni mkahawa mmoja mkubwa usio na kuta, uliowekwa juu ya miundombinu ya mji. Jua linapozama upande wa bara, meza hutandikwa, makaa huwashwa, na harufu ya mishikaki, pweza na urojo huchukuliwa na upepo. Vijana wa makachu hukimbia na kujirusha kutoka ukutani hadi baharini, mmoja miguu juu, mwingine amejikunja kama ngisi, na umati hushangilia. Hakuna anayewauzia ukuta ule.

Nilikuwa na mihogo ya kuchoma niliyoinunua Darajani, imefungwa katika gazeti. Nikatafuta pa kukaa. Mbele ya meza moja ya samaki palikuwa na kiti cha saruji. Nikasimama nikisitasita, kwa maana kwa umri wangu huu ninajua mtu anavyofukuzwa kwa adabu: anaulizwa atakula nini.

“Shikamoo mzee,” akasema kijana mwenye kofia ya mpishi. “Kaa.”

“Marahaba. Lakini sinunui, mwanangu. Nina mihogo yangu.”

“Kiti hicho si changu, mzee. Cha bustani. Kaa ule.”

Nikakaa. Nikafungua gazeti langu nikala mihogo, mgongo wangu ukiwa kwenye biashara yake na uso wangu ukiwa baharini. Alipopita na jagi, akanimiminia maji ya kunawa bila kuulizwa. Na hapo, mkono ukiwa unachuruzika, nikaiona ile sentensi niliyoikata. Nikajua pia ilikuwa ya nani.

Dada yangu aliolewa ziwani. Alitoka Gwarama na maharage kichwani, akawa mama ntilie katika mwalo mmoja ambao sitautaja. Mwalo, kwa msomaji wa pwani asiyelijua neno hili, ndiko mitumbwi ya ziwani inakofikia na samaki wanakoshushwa. Ni forodha yetu isiyo na karani. Alipika ugali wa muhogo na migebuka chini ya mwembe. Mteja alikula. Lakini chini ya mwembe ule ule alikaa pia mvuvi aliyerudi mikono mitupu, mwanamke aliyesubiri boti tangu alfajiri, na mtoto aliyetumwa dagaa wa shilingi chache. Dada hakuwauliza watakula nini. Binti yake alikua katikati ya miguu ya watu hao.

Mwalo ule ukaja kuboreshwa, na ulihitaji kuboreshwa. Sitasema vinginevyo, maana nililiona tope lake. Ikamwagwa zege, ikajengwa sehemu nzuri ya kulia chakula, ikapigwa rangi. Hakuna aliyemfukuza dada yangu. Hakuja askari wala hakikuvunjwa chungu. Ila katika mchoro wa mahali pale hapakuwa na mwembe, na hapakuwa na mtu asiyenunua. Vizimba vilikodishwa kwa bei asiyoiweza. Alihamia kando ya barabara, kwenye vumbi, akapika huko hadi mwili ulipokataa. Siku moja nilimuuliza kama anawakumbuka wateja wake. Akanijibu kwa Kiha kwamba wateja walimfuata. Anaowakumbuka ni wale wengine.

Nami nilikuwa nimewafuta wale wengine kwa kalamu, kwa sababu walikuwa na maneno mengi.

Usiku ule ule nilimpigia binti simu. Nikamwambia: mwanangu, ile sentensi ya viti vya saruji, irudishe kama ilivyokuwa, mjomba wako alikosea. Kukawa na kimya kidogo.

“Nilishairudisha, mjomba,” akasema. “Siku ile ile. Niliona haya kukwambia.”

Nimelitafakari jambo hili tangu siku hiyo. Sisi tunaofundisha lugha tumezoea kuamini kwamba sentensi fupi ni sentensi safi. Mara nyingi ni kweli. Lakini ziko sentensi ambazo urefu wake ni wa lazima, kwa kuwa lugha bado haijampa mtu yule jina, na ukilifupisha elezo lake umemtoa mahali. Mteja ana jina. Mgeni ana jina. Mpangaji na mwekezaji wana majina, tena ya heshima. Huyu anayefika ufukweni kupumua, au kumngoja mtu, au kula mihogo yake, tunamwitaje? “Mpita njia” halimtoshi, maana yeye amekaa. “Mzururaji” ni tusi. “Mwananchi” ni kubwa mno, nalo limechoshwa na hotuba. Washairi, nileteeni neno. Mchora ramani akiwa nalo mkononi, huenda atakumbuka kumwekea kiti.

Mpaka litakapopatikana, nimetunga ubeti mmoja, nikamtumia mpwa wangu ubandikwe pembeni ya mchoro wake. Safari hii sikubakia na kalamu nyekundu. Nilimwomba yeye anisahihishe.

Uchorapo ufuoni, meza na viti na taa,
Mkumbuke wa njiani, apitaye na dagaa,
Hana fedha mfukoni, naye ataka kukaa,
Pwani si ya wa mezani, peke yao kuitwaa.

Akanijibu kwamba mizani imetimia na vina vimekaa sawa. Kisha akauliza: “Lakini mjomba, mwembe uko wapi?” Akawa amekwisha kuuchora, mche mdogo upande wa ziwa, na chini yake vile viti vya saruji. Pembeni yake hakuandika jina la mama yake. Aliandika kimo utakachofikia, na upana wa kivuli.