Msichana wao wa kwanza, na wa mwisho

Nina picha moja kwa simu sijawahi kuiposti. Nimevaa ovaroli ya bluu imenizidi, mikono nimeikunja mara tatu, na nimeshika spana vile msanii hushika maiki. Nyuma yangu kuna pikapu imefunguliwa boneti. Mdosi wa gereji ndiye aliipiga, akaiweka kwa stetasi yake na maneno matano: Msichana wetu wa kwanza hapa. Na zile emoji za makofi.

Hiyo picha huniuma, na leo nitawaambia kwa nini.

Nilikuwa nasomea umekanika wa magari kwa chuo kimoja cha ufundi. Darasani tulikuwa wasichana watatu, wengine wote wavulana. Muda wa atachi ulipofika nikapata gereji huku Industrial Area, wiki 12. Hawakuwa wamewahi kuchukua msichana. Manze, nilifurahi. Nilimpigia mathe, mathe akapigia ukoo mzima.

Siku ya pili nikauliza pa kubadilishia nguo. Watu wakaangaliana. Sidhani walikuwa na roho mbaya, ni vile tu hakuna mtu alikuwa amewahi kuuliza. Wanaume walikuwa wanavulia pale pale kando ya kompresa. Basi nikawa nabadilisha ndani ya matatu moja mbovu iliyokaa juu ya mawe, nimeziba dirisha na katoni. Choo chao hakikuwa na komeo, kwa hivyo nilikuwa naenda kwa hoteli ya jirani, mbao kila safari. Piga hesabu hiyo ukiwa huna mshahara. Nikaanza kunywa maji kidogo.

Kuna mteja alinirudishia kikombe cha chai akidhani mimi ndiye wa chai. Mwingine alikataa kabisa niguse breki zake. Lakini pia kulikuwa na mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache, aliyenifundisha kushika bisibisi ndefu, ncha kwa injini na mpini sikioni, nisikie beringi ikilia kabla haijafa. Siku nilipoitambua beringi ya altaneta peke yangu, alitikisa kichwa mara moja tu akaendelea na kazi. Hiyo ilinishinda diploma.

Halafu ikaja wiki ya nane. Nilimwaga oili ya zamani, nikabadilisha filta, nikaweka oili mpya, na nikasahau kukaza ile nati ya chini. Gari halikufika mbali. Lilipita geti likiacha mstari mweusi nyuma yake.

Sasa sikia. Wiki mbili kabla ya hapo, kijana tuliyetoka naye chuo alisahau kukaza nati za gurudumu. Za gurudumu! Hiyo inaua mtu. Alifokewa asubuhi, jioni wakampa jina la utani, kesho yake wakasahau. Mimi sikufokewa. Mdosi alimgeukia mteja akamwambia kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi kwa mvua: "Ni msichana, bosi. Tulikuwa tunajaribu tu."

Ijumaa hiyo nilikunja ovaroli nikaenda. Mathe nilimwambia atachi imeisha mapema. Nikaingia hii maneno ya kamera, na imenilipa fiti, siwezi danganya.

Mwezi uliopita dem mmoja wa chuo chetu cha zamani akanitumia ujumbe. Alikuwa ameenda kuomba nafasi gereji ile ile. Wakamjibu kwa heshima kabisa: walishachukua msichana mara moja, ikashindikana. Hakujua ni mimi. Alitaka tu niwatoe kwa video.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikaanza kusoma kuhusu hawa wa kwanza wetu, wale tulikariri shuleni. Grace Onyango, meya wa Kisumu 1965, halafu 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge Kenya. Hayo yote nilikuwa nayajua. Kitu sikuwahi kuulizwa kwa mtihani ni nani alikuwa wa pili.

Effie Owuor aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu 1982, mwanamke wa kwanza. Mwaka uliofuata akaingia Joyce Aluoch. Yaani kulikuwa na mwaka mmoja ambapo "majaji wanawake" ilikuwa ni mtu mmoja. Irene Koki Mutungi naye alipoajiriwa na Kenya Airways, alikaa miaka 6 akiwa rubani mwanamke peke yake kwa kampuni nzima. Tunapenda kuposti ile ya 2014, alipokuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Dreamliner, na ni sawa, ni jambo kubwa. Mimi nilikwama kwa ile miaka 6. Ndege ikigusa lami kwa nguvu siku moja, abiria walisema ni upepo, ama walisema ni mwanamke?

Na Wangari Maathai. Watu wanamjua kwa Nobel ya 2004 na miti. Lakini rudi nyuma, 1971 anapata shahada ya udaktari, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, anafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na bado walimu wa kike hawapewi marupurupu sawa na wanaume, mambo kama nyumba. Alipigania hiyo haki. Na hakupigana peke yake, alikuwa na mwenzake hapo chuoni, Vertistine Mbaya. Hilo jina nilikuwa silijui kabisa, na mimi ndiye hujifanya najua vitu.

Mkiwa wawili, mmoja akisahau nati, ni yule amesahau. Ukiwa peke yako, ni wasichana wote wa Kenya wamesahau. Ndiyo maana siku hizi mtu akinitumia habari ya "mwanamke wa kwanza" fulani, nauliza kampuni imeajiri wa pili lini. Wengi hunyamaza.

Yule dem nilimwambia ukweli. Nilimwandikia ni mimi, mimi ndiye yule msichana ilishindikana. Alikaa saa tatu nzima bila kujibu, tiki mbili za bluu zikiniangalia. Halafu akaandika: "Sasa utanisaidia aje?"

Nikamtafuta yule mzee fundi. Siku hizi ana nafasi yake Kirinyaga Road. Nilimsalimia, nikamweleza, nikamwambia ni wasichana wawili, kwa sababu huyu ana rafiki yake pia anatafuta. Mzee akacheka, akaniuliza kama bado nasikia beringi. Nikamwambia, shikamoo tena mzee, lakini kabla tuongee mengine, choo chenu kiko wapi na kina komeo?

Akasema atanunua. Wanaanza Jumatatu, na mimi Jumapili napitia hapo kuangalia.